Baba karudi baada ya miaka sita, sisi tuliomlea mtoto tuna haki gani?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Tanga, nimelifupisha kidogo:

"Habari wakili. Dada yangu alifariki akaacha mtoto wa kike wa miaka miwili na nusu. Na baba wa mtoto hawakufunga ndoa, alikuja tu kujitambulisha nyumbani, ila cheti cha kuzaliwa kina jina lake. Baada ya msiba akaenda Kahama machimboni, akatuma hela mara mbili tatu alafu kimya. Mimi na mama yangu ndo tumemlea, sasa hivi ana miaka 8 yuko darasa la pili. Siku za shule analala kwa mwalimu mmoja mstaafu jirani, nyumba yake iko karibu na shule, si ndugu yetu kabisa ila anamnunulia vitu vingi na mtoto anamwita bibi. Mwezi uliopita baba katokea na kaka zake wawili, anasema kaoa na Desemba shule zikifungwa anamchukua moja kwa moja, eti mtoto akishafika miaka saba ni wa baba na dini ndo inavosema. Mwenyekiti wa mtaa nae katwambia damu ya baba haishindwi. Je sisi tunaweza kwenda mahakamani au ndo basi tena? Na yule mwalimu asiye ndugu ana haki yoyote?"

Mdogo wangu, pole kwanza kwa dada, na pole kwa hii presha mliyoletewa mlangoni. Nikujibu la haraka ili usiku wa leo ulale: ndio, mnaweza kwenda mahakamani, wewe na mama yako sheria imewataja. Mwalimu yeye njia zake ni nyembamba zaidi lakini zipo, nitamfikia. Mwenyekiti wa mtaa hajawaambia sheria, kawaambia anachoamini yeye, na wenyeviti wengi wanaamini hivo hivo kwahiyo usimkasirikie, utamhitaji mbele huko kwa barua.

Tuanze na sheria yenyewe maana watu wengi wanakuja ofisini hawajui hata ni sheria ipi. Tanzania Bara tunaongelea Sheria ya Mtoto, Namba 21 ya mwaka 2009, Sura ya 13. Kifungu cha 37 kinasema mzazi, mlezi, au ndugu anayemlea mtoto anaweza kuomba mahakama impe hifadhi ya mtoto. Soma tena hapo, ndugu ANAYEMLEA. Haijasema ndugu yeyote. Shangazi aliyeko Dodoma ambae hajawahi hata kumnunulia mtoto daftari hawezi kuamka siku moja akasema na mimi ni ndugu naomba mtoto, akifika pale atakwama kwenye hilo neno moja. Nyie hamkwami, maana miaka karibu sita mtoto kala kwenu, kaumwa kwenu, kang'oka meno kwenu. Alafu kifungu kinachofuata, cha 38, kinampa haki ndugu ambae amekuwa akimlea mtoto kuomba kumtembelea au kukaa nae kwa vipindi, maana yake hata ikitokea mahakama ikampa baba hifadhi nyie hamfutiki kwenye maisha ya huyo mtoto, mnaweza kuomba awe anakuja likizo, na hilo watu wengi hawalijui kabisa, wakishindwa hifadhi wanarudi nyumbani kulia wakati mlango wa pili ulikuwa wazi.

Sasa hii habari ya miaka saba. Hii naisikia karibu kila wiki na inanichosha kweli. Kilichoko kwenye sheria ni hiki: kifungu cha 26 cha Sheria ya Mtoto, na pia kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, vinasema mtoto aliye CHINI ya miaka saba inachukuliwa kwamba ni vizuri akae na mama yake, na dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Basi, imeishia hapo. Hakuna mstari wowote unaosema akifika saba anahamia kwa baba. Watu wamechukua nusu ya sheria wakaitungia nusu nyingine wenyewe vijiweni. Akishavuka saba kinachotokea ni kwamba ile dhana ya mama inakuwa haipo tena na mahakama inaangalia mambo yote bila kuanza na upande wowote. Na hata kwa hao wa chini ya saba sheria inamwambia hakimu azingatie kwamba si vizuri kuvuruga maisha ya mtoto kwa kumhamisha hamisha. Hilo la kutohamisha hamisha likumbuke, ndo mgongo wa kesi yenu.

Na la dini, kwa vile baba na kaka zake wamelileta, niseme kidogo tu maana mimi si shekhe. Kwa madhehebu ya Shafii ambayo ndo wengi wa pwani wanafuata, mama akifariki hadhana, yaani haki ya kumlea mtoto kidini, inaenda kwa mama yake mama, yaani bibi mzaa mama, yaani huyo huyo mama yako. Na mtoto akishaanza kupambanua mambo, ndo hiyo miaka saba wanayoitaja, anaulizwa achague. Kwahiyo hata huko hakusemi mtoto anabebwa kama mzigo siku ya birthday yake ya saba. Na wakiendelea na njia hiyo ya dini watakutana na swali la ndoa iko wapi, na sidhani kama wanataka liulizwe. Ila nyie msilishikie bango, mahakama inayohusika na jambo lenu haiamui kwa hadhana, mkilipigania sana mtaonekana mnagombana na dini ya watu. (Kama mngekuwa Zanzibar ningejibu tofauti, kule kuna Sheria ya Mtoto yao ya mwaka 2011 na kuna Mahakama za Kadhi, usichanganye.)

Vile vile mtu anaweza kukwambia kimila mtoto wa nje ya ndoa ni wa kwao mama. Ni kweli zile kanuni za mila zilizotangazwa mwaka 1963, Tangazo la Serikali Namba 279, zilikuwa na mwelekeo huo, mtoto ni wa upande wa mama mpaka baba amhalalishe. Lakini usiende nalo mbele kama ngao yako kuu. Hakimu wa leo ukimwambia "mtoto ni wetu kimila" anakusikia sawasawa na anavomsikia yule anaesema "mtoto ni wa damu yangu", wote mnaongea kama mnagombea shamba. Yeye anataka kusikia mtoto atalala wapi, atasoma wapi, nani anajua kwamba ana pumu.

Nimesema niwe mkweli kwahiyo nikuoneshe na karata za baba, maana zipo na sio ndogo. Kifungu cha 39 ndo kinamwambia hakimu aangalie nini. Kinaanza na maslahi ya mtoto na umuhimu wa mtoto kuwa na mama yake, mama hayupo hapa kwahiyo hilo la pili linapita. Baada ya hapo kuna haki za mtoto, umri na jinsia yake, alafu kuna kipengele kinachosema ni vyema mtoto akae na wazazi wake isipokuwa kama haki zake zinavunjwa na wazazi hao mara kwa mara. Hapo ndipo wakili wa baba atakaposimama asubuhi mpaka jioni. Atasema mteja wangu ni mzazi pekee aliye hai, ana kazi, ana mke, ana nyumba, hawa ni mama mdogo na bibi tu. Na jina lake liko kwenye cheti. Kwahiyo tafadhali sana usijaribu kumkana kwamba si baba. Nimeona familia zinafanya hivo kwa hasira, inaombwa DNA, inaenda kwa Mkemia Mkuu wa Serikali (huwezi kwenda tu mwenyewe na mate ya mtoto kwenye kichupa, lazima ombi litoke mahakamani, ustawi wa jamii au mamlaka nyingine inayoruhusiwa), miezi inapita, majibu yanarudi ndiye, na nyie mnaonekana waongo mbele ya hakimu yule yule mnaetaka awaamini. Sheria inahesabu jina kwenye cheti cha kuzaliwa kama ushahidi wa uzazi, na kutambulika kwake hadharani pia, na alikuja kujitambulisha mbele ya wazee. Mkubalini. Ni baba.

Lakini kuwa baba hakufuti miaka sita. Kwenye kifungu hicho hicho cha 39 kuna mambo mengine matatu. La kwanza ni maoni ya mtoto kama ameyatoa kwa uhuru wake. La pili ni kuwaweka kaka na dada pamoja. La tatu ni haja ya malezi yasikatike, yaani yule ambae ndo mikono yake imezoeleka asiondolewe bila sababu. Hili la ndugu halina uzito mkubwa kwenu kwa sababu mtoto hana mwenzie kwa mama yake, ila ujue baba akiwa na mtoto kwa huyu mke mpya anaweza akalitumia. Malezi yasiyokatika ndo lenu. Toka miaka miwili na nusu mpaka nane, huyu mtoto hana kumbukumbu ya nyumba nyingine yoyote zaidi ya yenu na ya huyo mwalimu. Baba ni mgeni kwake, tena mgeni aliyekuja na wanaume wawili na kutoa tarehe.

Kuhusu maoni ya mtoto hapa naomba unisikilize vizuri sana. Miaka 8 hakimu anaweza kumuuliza, anamwita pembeni, wanaongea kirafiki, wakati mwingine kupitia afisa ustawi. Sasa familia nyingi zinaanza kumfundisha mtoto usiku, "ukiulizwa sema baba mbaya, sema utajinyonga ukipelekwa". Mtoto anakaririshwa anaenda anasema vile vile kama shairi la mahafali. Hakimu wa watoto ameshasikia mashairi hayo mengi. Anachofanya ni kuuliza swali moja la pembeni tu, kama jina la mke wa baba au baba kakukosea nini, mtoto anakosa jibu anawaangalia nyie. Hapo mmejichoma wenyewe, kwa sababu sheria imetaka maoni yaliyotolewa kwa uhuru na mmemnyima huo uhuru. Mwacheni. Mtoto aliyelelewa vizuri anajieleza mwenyewe, atasema nalala na mama mdogo, bibi ananipikia uji wa mchele, na hayo yanatosha.

Sasa mwalimu. Kama unavoona kifungu cha 37 kimetaja mzazi, mlezi na ndugu. Jirani hakutajwa. Mlango wake wa kwanza ni hilo neno mlezi, kwa sababu sheria ikisema mlezi haimaanishi ndugu tu, inamgusa pia mtu ambae mahakama ikimwangalia inaona kweli mtoto yuko chini ya uangalizi wake. Mtu ambae amekaa na mtoto miaka mitano peke yake, hana ndugu anaeonekana, anaingia hapo bila shida kubwa. Lakini kwenu ninyi mpo, mtoto anarudi kwenu ijumaa, kwahiyo mwalimu akifungua ombi lake mwenyewe atakuwa anashindana na nyie na wote mtadhoofika. Baba atasema "ona hata wao hawakai nae, wamempa jirani". Unaona hatari iko wapi? Hicho kitu ambacho nyie mnakiona ni upendo wa mtaa mzima, upande wa pili utakiita kumtelekeza. Kwahiyo mjipange mapema kukieleza jinsi kilivo, kwamba ni mpango wenu wa shule kwa sababu ya umbali, nani anampeleka jumapili jioni, nani anamfata, homa ikipanda usiku nani anapigiwa simu kwanza. Mwalimu awe shahidi wenu namba moja. Shahidi asiye ndugu ana thamani ya ajabu mahakamani, hana mirathi ya kugombea wala ukoo wa kutetea, akisema "huyu binti ndiye anaekuja kusaini kila kikao cha wazazi" hilo linaingia moja kwa moja.

Njia nyingine za mtu asiye ndugu zipo na kwa faida ya wengine wanaosoma nizitaje. Kama mtoto anateswa au hana mtu, ustawi wa jamii wanaweza kwenda mahakamani kuomba amri ya uangalizi na mtoto akawekwa kwa mtu anayefaa, siku hizi halmashauri nyingi zina orodha ya familia za kuaminika ambazo zimechunguzwa na kufundishwa kabla. Kuna malezi ya kambo, ambayo yanapitia ustawi na hasa ni kwa watoto walioko kwenye makao, mtoto anakuwa nyumbani kwako ila hajawa wako. Na kuna kuasili, ambako ndo kumfanya mtoto awe wako kabisa kisheria, haki na wajibu wa mzazi wa kumzaa vinakatika, anakurithi kama uliyemzaa. Kuasili ni mambo ya Mahakama Kuu na kunahitaji ridhaa ya mzazi aliyepo, ingawa mahakama inaweza kuiruka ridhaa hiyo kama mzazi amemtelekeza mtoto, kamtesa muda mrefu, au hapatikani. Kwenu sishauri, baba yupo, kajitokeza, anataka mtoto, mkianza na kuasili mtakuwa mmechukua nyundo kuua mbu na vita itakuwa kubwa mara tatu.

Kitu kingine ambacho SIO njia na watu wanakitumia sana ni ile karatasi ya kwa kamishna wa viapo, "mimi fulani nimemkabidhi mtoto wangu kwa fulani", inagongwa muhuri, watu wanaweka kwenye bahasha wanaona wamemaliza. Hiyo ni ushahidi tu kwamba siku hiyo mzazi alikubali, sio amri. Akibadilisha mawazo kesho huna cha kumwonesha polisi. Vivyo hivyo muhtasari wa kikao cha ukoo cha arobaini uliosema "mtoto atabaki kwa bibi yake", ni mzuri, utafute, uutunze, lakini hauna nguvu ya amri ya mahakama. Na kama kuna aliyeteuliwa kuwa msimamizi wa mirathi ya dada pale Mahakama ya Mwanzo, huo usimamizi ni wa mali na madeni ya marehemu, haumpi mtu mtoto. Nimeshakutana na mjomba kabeba barua ya usimamizi wa mirathi shuleni anataka kumtoa mtoto darasani, na mwalimu mkuu karibu amtoe.

Pia wasomaji wangu wengi wanasoma mambo ya Kenya mtandaoni alafu wanakuja kubishana. Kenya sheria yao ya watoto inamtaja waziwazi hata mtu asiye ndugu, mfano aliyekaa na mtoto miezi mitatu kwa ridhaa ya mzazi anaweza kuomba hifadhi, na mwingine yeyote anaeweza kuonesha sababu. Ni nzuri, lakini ni ya kwao. Hakimu wa Tanga hataifata.

Haya sasa mnafanya nini. Leo, sio Novemba. Nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri, eleza, ombeni muitwe pamoja na baba. Usiende na jeshi la mashangazi, nenda wewe na mama kama afya inaruhusu. Mara nyingi mambo haya yanaishia hapo na ndo pazuri pa kuishia, mnaandikishana kwamba mtoto anabaki Tanga anamaliza shule, baba anakuja kumwona, likizo fulani anaenda kwake, na anachangia matunzo kiasi fulani kila mwezi. Kuchangia ni wajibu wake kisheria awe anakaa na mtoto au hakai nae, ila tafadhali msimwambie "lipa kwanza ndo umwone". Hayo ni mambo mawili tofauti na mahakama haipendi mtoto anaeshikwa rehani. Mwambieni njoo umwone, na hela tunadai pia, vyote kwa pamoja na kwa sauti ya kawaida.

Akikataa, mnafungua maombi kwenye Mahakama ya Watoto. Dar ipo ya peke yake pale Kisutu, sehemu nyingi ni hakimu mkazi anaketi kama Mahakama ya Watoto, siku na chumba tofauti na kesi za wezi, na inasikilizwa faragha, majirani hawaingii kusikiliza umbea. Mwombaji uwe wewe. Mama yako ndo bibi na ana haki ile ile, lakini umri wake utaulizwa, nani atakuwepo mtoto akiwa na miaka 15, na sitaki apate presha kizimbani, aje kama shahidi. Unaweza ukaandika na kuongea kiswahili, toka mwaka 2021 kiswahili ndo lugha ya mahakama zetu kwahiyo usitishwe na mtu anaekuandikia kiapo cha kiingereza usichokielewa alafu unasaini. Omba na amri ya muda kwamba mtoto asihamishwe mpaka maombi yasikilizwe, hiyo ndo itakayowasaidia Desemba.

Na hapa nieleze kwanini amri ni muhimu hivo. Kifungu cha 40 kinakataza mtu kumwondoa mtoto isivyo halali kwa mtu mwenye hifadhi halali. Kizuri sana. Lakini leo hii nani ana hifadhi halali? Nyie mnamlea, yeye ndo mzazi, hakuna aliye na karatasi. Akija akamchukua getini, polisi wa Dawati la Jinsia na Watoto watakuuliza amri iko wapi, na yeye atawaonesha cheti cha kuzaliwa. Itakuwa ni kugombana tu. Ukiwa na amri hata ya muda, mazungumzo yanabadilika, na nakala unampa mwalimu mkuu na huyo mwalimu jirani.

Ushahidi anza kukusanya kwenye boksi moja. Cheti cha kifo cha dada, cheti cha kuzaliwa cha mtoto (kama kipo kwa baba ombeni nakala RITA, wale wa serikali wanaoandikisha vizazi na vifo), kadi ya kliniki yenye tarehe zote mlizompeleka, fomu ya kuandikishwa shule ambako palipoandikwa mzazi/mlezi kuna jina lako, ripoti za muhula, risiti za sare na michango, kadi ya bima kama anayo, karatasi za hospitali alipolazwa. Meseji za baba. Zile za "nitatuma mwezi ujao" na zile za hela alizotuma kweli, ZOTE, usifiche alizotuma ili aonekane hajawahi kutoa kitu, akizitoa yeye utaumbuka. Barua ya serikali ya mtaa ya kwamba mtoto anaishi pale toka lini, ndo maana nikasema mwenyekiti mtunze. Afisa ustawi atatakiwa kuandika taarifa ya uchunguzi wa kijamii, atakuja kwenu, ataona anapolala, ataongea nae, na huko Kahama pia nyumba ya baba itaangaliwa na wenzake wa huko. Inachukua muda na faili linaweza kulala mezani, kwahiyo mfatilie bila kugombana nae. Siku ya kuja msimpambe mtoto wala msiazime kochi la jirani.

Hofu yako kwamba yeye ana hela nyingi kuliko nyie, ipunguze. Hali ya kipato inaangaliwa lakini haiamui peke yake, kwa sababu mahakama inaweza kumwacha mtoto kwenu na kumwamuru mwenye hela alete matunzo. Ningekuwa na wasiwasi zaidi kama mtoto angekuwa haendi shule, au nyumbani kuna mlevi, au wewe unapanga kuolewa mkoa mwingine karibuni na hujasema. Kama lipo hilo la mwisho nijulishe mapema, litaulizwa.

Unauliza utashinda? Kwa ulivonieleza naona nafasi nzuri ya wewe kupewa hifadhi na yeye kupewa likizo na kumwona. Lakini naona pia uwezekano wa hakimu kusema baba huyu kajirekebisha, hana ubaya, basi aanze kumzoea mtoto taratibu mwaka mzima alafu suala liangaliwe tena, kwa sababu amri za hifadhi hazijafungwa kwa kufuli, upande wowote unaweza kurudi hali ikibadilika. Na ikija hivo sio kwamba mmeonewa. Huyo mtoto amempoteza mama kabla hajajua kumwita vizuri, na baba kama kweli amekuja kwa nia njema ni kitu ambacho hata nyie mtakufa siku moja mkitamani awe nacho.

Msimfiche. Najua kuna shangazi ameshapendekeza apelekwe Lushoto kwa ndugu mpaka mambo yapoe, maana huwa yupo tu. Nilishawahi kumtetea bibi mmoja aliyekuwa na kila kitu mkononi, miaka tisa ya malezi, mtoto anampenda, baba hovyo kabisa. Wiki mbili kabla ya tarehe akamhamisha mtoto kijijini, akaacha shule katikati ya mitihani. Hakimu aliuliza swali moja tu, mtoto yuko darasani leo? Sikuwa na jibu.

Hela ya wakili kama haipo, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria na wapo mpaka ngazi ya wilaya, ulizia hapo hapo ustawi wakuelekeze. Mashirika kama TAWLA, WLAC na LHRC nao wanatoa msaada bure kwa wasio na uwezo. Na akija ghafla kabla hujapata amri, na ikawa ni kwa fujo, usishikane nae mbele ya mtoto, piga 116 ambayo ni namba ya kusaidia watoto na ni bure, piga na kwa afisa ustawi aliyefungua faili lenu, ndo maana nataka faili liwepo. Jumatatu uwe pale ofisini kwao kabla ya saa mbili, huwa wanatoka kwenda vijijini mapema.